Chipu Bubu na Wanaisimu Walionyamaza

Utangulizi

Olympic ni mtaa ulio pembezoni mwa Kibera, jijini Nairobi, na ni kituo ambamo abiria wengi wa matatu hushukia kabla ya kuingia vichochoroni kwa miguu. Jina lake lilivuma nchini Kenya kutokana na shule ya msingi ya Olympic, ambayo wanafunzi wake walikuwa wakipata alama za juu katika mtihani wa KCPE kabla ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo mwaka 2003. Mtihani wenyewe ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Elimu nyingine, isiyo na mtihani wala cheti, inaendelea hadi leo katika vibanda vya mafundi wa simu na kompyuta vilivyojaa huko Kibera, Kawangware na mitaa mingineyo ya Nairobi. Katika vibanda hivyo kompyuta za mtumba hufufuliwa, simu zilizotupwa na wenye nacho hupewa maisha ya pili, na vijana hujifunza kwa kutazama mikono ya waliowatangulia.

Makala haya yanahusu kikwazo kimoja ambacho fundi wa aina hiyo hukutana nacho, nacho ni chipu isiyosema. Kompyuta inawaka, mfumo endeshi huria wa Linux umewekwa bila malipo, kila kitu kinakwenda shwari, lakini chipu ya mtandao usiotumia waya imenyamaza kama jiwe. Aghalabu chipu hiyo ni nzima. Kinachokosekana ni mtu aliyepata nafasi ya kuieleza kwa mfumo. Jambo hili laweza kuonekana kuwa la wahandisi peke yao. Hoja inayotetewa hapa ni kinyume cha hivyo. Tatizo la viendeshi vya chipu ni tatizo la lugha na la maelezo ya lugha. Watengenezaji wa chipu wamekuwa wakificha maelezo kwa kuyafungia, na wanazuoni wa Kiswahili wameyaficha kwa kutoyaandika. Kwa kijana wa Olympic, matokeo ya kufichwa kwa namna zote mbili ni yaleyale.

Kiendeshi kama mkalimani

Kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, hakijui chipu moja moja. Kiini hutoa amri za jumla: tuma ujumbe huu, pokea ule, tafuta mitandao iliyo karibu. Chipu nayo haielewi maneno ya jumla. Inaelewa tarakimu zinazoandikwa katika visanduku vidogo vya kumbukumbu vinavyoitwa rejista. Wanafunzi wa isimujamii wanalijua neno hilo kwa maana nyingine, na si vibaya walikumbuke hapa, kwa kuwa kila chipu ina rejista zake kama kila shughuli ya wanadamu ilivyo na rejista yake. Anayesimama kati ya kiini na chipu ni programu ndogo iitwayo kiendeshi. Kazi yake haitofautiani sana na ya mkalimani: hupokea amri ya jumla upande mmoja, akaitoa upande wa pili kwa lugha ambayo msikilizaji anaifahamu.

Mkalimani hawezi kufanya kazi kama hajafunzwa lugha zote mbili. Lugha ya kiini cha Linux iko wazi kwa kila mtu, kwa maana kiini kinatolewa chini ya leseni ya GPL inayomruhusu yeyote kukisoma, kukibadilisha na kukigawa. Lugha ya chipu ni suala jingine. Sarufi yake imo katika vitabu vya kiufundi vya mtengenezaji, na mara nyingi vitabu hivyo havitolewi ila kwa aliyetia saini mkataba wa kutunza siri. Watengenezaji wana sababu zao. Wengine huogopa washindani, wengine huogopa kesi za hataza, na wengine hudai kwamba sheria za mawasiliano ya redio haziruhusu mtumiaji kubadilisha nguvu za mawimbi apendavyo. Sababu hizo hazifai kupuuzwa. Hata hivyo, zote humwacha mnunuzi na kifaa alichokilipia ambacho hawezi kuzungumza nacho ila kupitia mkalimani aliyeteuliwa na muuzaji.

Kibera ilivyojichora

Faida ya lugha iliyo wazi ilionekana Kibera kwenyewe. Hadi mwaka 2009, katika ramani nyingi zilizokuwa zikipatikana hadharani, Kibera ilikuwa doa tupu. Barabara kuu zilizoizunguka zilionekana, lakini ndani yake hamkuwa na njia, shule, zahanati wala bomba la maji. Mahali pasipoelezwa huzaa uvumi. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina wakazi milioni moja au zaidi, na sensa ya mwaka 2009 ikahesabu watu wapatao 170,000. Mjadala kuhusu hesabu hiyo haukwisha siku hiyo, lakini pengo kati ya tarakimu hizo mbili linatosha kuonyesha jinsi mtaa usio na maelezo unavyoweza kusemewa lolote.

Mnamo Oktoba mwaka huo wa 2009 mradi wa Map Kibera ulianzishwa na Mikel Maron na Erica Hagen. Vijana 13 wa Kibera, kutoka katika vijiji vyake, walipewa vifaa vidogo vya GPS vya mkononi wakatembea kichochoro baada ya kichochoro wakirekodi njia na mahali muhimu. Data zao ziliingizwa katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004. Zikafuata ramani za maji na vyoo, za afya, za elimu na za usalama. Doa tupu likajaa majina, na waliolijaza ni wenyeji.

Ufanisi huo ulikuwa na masharti ambayo huzungumzwa kwa nadra. Sharti la kwanza lilikuwa la kisiasa. Hadi Mei mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikipotosha kwa makusudi ishara za GPS zilizopokewa na raia, na kijana wa Kibera angejikuta amechora njia yake juu ya paa la jirani. Sharti la pili lilikuwa la lugha. Vipokezi vingi vya GPS hutumia kaida ya mawasiliano iitwayo NMEA 0183, ambayo asili yake ni vyombo vya baharini. Kaida hiyo ingemfurahisha mwanaisimu yeyote, maana mafundi wake huita kila ujumbe sentensi, na kila chombo kinachotoa ujumbe huitwa msemaji. Sentensi huanza kwa alama ya dola, ikafuatwa na herufi mbili za kumtambulisha msemaji na tatu za kutaja aina ya sentensi. Sentensi ya aina ya GGA, kwa mfano, hutaja saa, latitudo, longitudo, idadi ya setilaiti zilizotumika na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Mwishoni huwekwa tarakimu za kuhakikisha kwamba hakuna herufi iliyopotea njiani. Sentensi nzima haizidi herufi 82.

Kaida hiyo haikutolewa bure, kwani maandishi yake rasmi huuzwa. Lakini sarufi yake ilikuja kujulikana na watu wengi waliozisoma sentensi zenyewe, wakazilinganisha na kuyaandika waliyoyabaini. Ndivyo ilivyostawi programu huria ya gpsd, ambayo tangu mwaka 2004 iliongozwa na Eric S. Raymond, na ambayo huziwezesha programu nyingine za Linux kupata habari za mahali bila kujali kipokezi kimetengenezwa na nani. Vipokezi vilivyotumia lugha za siri za watengenezaji vilileta usumbufu. Vilivyotumia lugha inayojulikana vilisomeka mara moja. Kadiri lugha ya kifaa inavyojulikana na wengi, ndivyo ramani ya mtaa maskini inavyokuwa rahisi kuchorwa na wenyewe.

Chipu zilizofungwa midomo

Chipu za mtandao usiotumia waya zilichukua njia ya mawe. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii kompyuta nyingi za mapajani zilikuwa na chipu za Broadcom, na kampuni hiyo haikutoa kiendeshi huria wala maelezo ya kumwezesha mwingine kukiandika. Watumiaji wa Linux waliponea kwa hila iitwayo ndiswrapper, yaani kukiazima kiendeshi cha Windows na kukidanganya kwamba kimo nyumbani kwake. Hila hiyo ilifaa siku za shida, lakini fundi hakuweza kukisoma kiendeshi hicho wala kukirekebisha kilipokosea.

Walioikata minyororo hiyo walitumia mbinu ambayo mwanafunzi yeyote wa isimu ya nyanjani angeitambua. Walijigawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilichunguza kiendeshi cha mtengenezaji, likatazama kila amri na kila jibu la chipu, kisha likaandika maelezo: ukiweka tarakimu hii katika rejista ile, chipu hufanya hivi. Kundi la pili, ambalo halikukigusa kabisa kiendeshi cha awali, lilisoma maelezo hayo na kuandika kiendeshi kipya. Mgawanyo huo ulikusudiwa kukwepa tuhuma ya kunakili mali ya mwingine. Kwa ufupi, kundi la kwanza liliandika sarufi ya lugha isiyokuwa na sarufi, na kundi la pili likajifunza kuisema kutokana na sarufi hiyo. Johann Ludwig Krapf, aliyechapisha sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1850, na watunga sarufi waliomfuata walifanya kazi ya jinsi hiyo kwa kuwasikiliza wasemaji.

Kiendeshi kilichopatikana kwa jasho hilo kiliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2006, na kile kilichokirithi, kiitwacho b43, kikaingia mwaka 2008. Kwa chipu za Atheros, ambazo kiendeshi chake cha zamani kilikuwa na sehemu iliyofungwa, mwaka huohuo wa 2008 ulileta ath5k, iliyotokana na uchunguzi wa watu wa nje, na ath9k, iliyotolewa na kampuni yenyewe baada ya kubadili msimamo. Broadcom nayo ilitoa kiendeshi huria kwa baadhi ya chipu zake Septemba mwaka 2010. Kabla ya hapo, Januari 2007, Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wa kiini, alikuwa ametangaza kwamba watunzi wa Linux wangeiandikia kampuni yoyote kiendeshi bila malipo, mradi itoe maelezo ya kifaa chake. Mapatano hayo hayakuhusu fedha hata kidogo. Kilichoombwa kilikuwa maelezo peke yake.

Aidha, upo ushahidi wa manufaa yaliyopatikana pale ambapo maelezo yalifunguliwa. Mwaka 2003 Linksys, iliyokuwa imenunuliwa na Cisco, ililazimika kutoa msimbo wa kisambaza mtandao chake cha WRT54G kwa kuwa kilikuwa kimetumia Linux chini ya leseni ya GPL. Kutokana na msimbo huo ulizaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, na kifaa kidogo cha nyumbani kikageuka kuwa chombo ambacho jamii ingeweza kukipangia kazi yake yenyewe. Mitandao ya kijamii isiyotumia waya, ukiwemo ule wa Tunapanda huko Kibera unaounganisha shule na vituo vya vijana, imestawi katika dunia iliyoandaliwa na ufunguzi wa namna hiyo.

Gharama yake kwa mlalahoi

Mwenye fedha hununua kifaa kingine, na kwa sababu hiyo chipu bubu humtoza zaidi asiye nacho. Mfano mmoja wa miaka ile unatosha. Kati ya mwaka 2005 na 2011 Ubuntu iligawa sahani za Linux bila malipo hadi nchi za mbali, na mtu asiye na mtandao aliweza kuzipokea kwa posta. Akishaiweka kompyutani, chipu ya Broadcom ilihitaji programu yake ya ndani, ambayo Linux haikuruhusiwa kuigawa. Ilikuwa lazima ipakuliwe kutoka katika mtandao, na mtandao haukupatikana bila chipu hiyo. Ufunguo ulikuwa umefungiwa ndani ya sanduku lilelile. Penye waya wa mtandao ukutani mtu alijinasua kwa dakika chache. Pasipokuwa na waya, kompyuta ilirudi kwenye rafu. Kwa kompyuta kubwa tatizo hili limepungua sana. Watunzaji wa Debian walipiga kura mwaka 2022 kuruhusu programu hizo za ndani ziambatane na mfumo, na toleo la 12 la Juni 2023 likazibeba.

Simu nazo zimelirudisha tatizo kwa sura nyingine. Android, iliyo katika simu nyingi za Wakenya, imejengwa juu ya kiini cha Linux. Kwa hiyo ni kweli kusema kwamba Linux imefika Kibera na kuenea mifukoni mwa watu. Lakini chipu za simu hizo, zikiwemo za redio na za GPS, aghalabu huendeshwa na programu zilizofungwa ambazo hutunzwa na mtengenezaji kwa miaka michache tu. Akichoka kuzitunza, mfumo hauwezi kusonga mbele kwa urahisi, na simu nzima hubaki nyuma ingawa kioo, betri na chipu zake ni zima. Oktoba mwaka 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika Android zilizo chini ya toleo la 5. Mama mboga anayepokea oda kwa WhatsApp katika simu ya mtumba hakuwa na habari za viendeshi, lakini yeye ni miongoni mwa wanaobeba gharama yake.

Nyani na kundule

Ni rahisi kwa wanazuoni wa Kiswahili kuyasoma hayo na kuwatupia lawama watengenezaji wa chipu walioko ng'ambo. Lawama hizo ni za haki. Hata hivyo, nyani haoni kundule. Maelezo yaliyofunguliwa kwa jasho la miaka mingi, kuanzia sentensi za NMEA hadi rejista za b43, yameandikwa takriban yote kwa Kiingereza. Fundi wa Olympic anayejieleza kwa Kiswahili na Sheng akiulizwa jinsi kiendeshi kinavyofanya kazi atajibu kwa mikono yake, kwa kuwa hapana kitabu cha Kiswahili kilichomwekea maneno kinywani. Broadcom iliwafungia mlango kwa miaka kadhaa kisha ikaufungua kidogo. Idara za Kiswahili hazijaubisha.

Watetezi wa hali iliyopo huleta hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba Kiingereza kinatosha, kwani kila mwanafunzi wa Kenya amekisoma. Hoja hii hukosea kwa kudhani kwamba kukisoma Kiingereza cha mtihani ni sawa na kuelewa mwongozo wa kiufundi. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na lugha rasmi isiyoweza kumweleza raia kifaa alichokishika mkononi imepewa cheo bila kazi.

Hoja ya pili ni kwamba teknolojia si uwanja wa mwanaisimu. Jibu lake limekwisha kuonekana katika kisa cha makundi mawili yaliyoandika na kusoma sarufi ya chipu. Kusikiliza, kulinganisha, kubaini kanuni na kuieleza kwa maneno yanayoeleweka ni ufundi unaofundishwa katika idara za isimu kuliko kwingineko.

Hoja ya tatu ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Historia inaikanusha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, kifurushi cha programu za ofisi chenye sura ya Kiswahili. Microsoft nayo baadaye ikatoa Windows na Office zenye menyu za Kiswahili. Istilahi zimekuwapo kwa miongo miwili. Lililokosekana ni utunzaji na majaribio. Programu hutoka upya kila mara, na tafsiri isiyo na watunzaji huzeeka kama simu isiyo na kiendeshi kipya. Vilevile, istilahi nyingi zilibuniwa mezani na hazikuwahi kupelekwa kibandani ili zipimwe. Kenya imelishikilia neno tarakilishi shuleni ilhali Tanzania imetosheka na kompyuta, na fundi wa Kawangware hutumia lile ambalo mteja wake atalielewa bila kufikiri mara mbili.

Neno kiendeshi lenyewe ni kielelezo kizuri. Kitenzi endesha kinaweza kuzaa jina la kifaa kinachozungusha diski, na kinaweza kuzaa jina la programu inayoiongoza chipu. Neno moja likibeba maana zote mbili katika mwongozo mmoja, msomaji atafungua kompyuta kwa bisibisi wakati alipotakiwa kuandika amri. Mafundi wengi husema draiva na kuendelea na kazi. Huenda draiva ndilo litakaloshinda, na hilo si aibu, kwani Kiswahili kimekopa tangu enzi za majahazi. Kinachotakiwa ni uamuzi unaotokana na matumizi, na uamuzi wa aina hiyo hauwezi kufanywa na mtu ambaye hajawahi kuketi kibandani.

Yanayopaswa kutendwa

Mambo manne yamo ndani ya uwezo wa vyama vya wanafunzi na idara zao bila kungoja mfadhili.

Kwanza, tasnifu za istilahi zitoke maktabani. Mwanafunzi mmoja akikaa majuma kadhaa na mafundi wa Olympic au Kawangware, akayarekodi maneno wanayotumia kwa chipu, ishara, setilaiti, kiini na kiendeshi, atakuwa amekusanya data ambayo kamusi zilizopo hazina. Mafundi hao wachukuliwe kama watoa-habari wenye mamlaka ya lugha yao, kama alivyochukuliwa mzee wa Lamu au Mvita na watafiti wa lahaja.

Pili, ziandikwe miongozo mifupi ya Kiswahili inayolenga kazi moja kwa wakati mmoja. Mwongozo wa kuitambua chipu kwa amri ya lspci hauhitaji kurasa zaidi ya mbili. Amri hiyo huonyesha nambari ya mtengenezaji. Broadcom ni 14e4 na Intel ni 8086, na kwa nambari hiyo fundi hujua mapema kama chipu itasema au itanyamaza. Mwongozo wa kuisoma sentensi ya GPS ungewafaa wachora ramani, na walimu wa jiografia pia.

Tatu, miongozo hiyo itolewe kwa leseni huria, ili fundi aruhusiwe kuinakili, kuisahihisha na kuigawa. Itakuwa kichekesho kuwahimiza watengenezaji wa chipu wafungue maelezo yao kwa kutumia kijitabu ambacho hakiruhusiwi kunakiliwa. Kisha ijaribiwe. Asiyewahi kuona Linux apewe mwongozo na kompyuta, na pale anapokwama, kosa lihesabiwe kuwa la mwongozo.

Nne, vyuo vikuu vitumie nguvu zao za ununuzi. Kabla ya zabuni ya kompyuta au visambaza mtandao kutolewa, liulizwe swali moja: je, chipu zake zina viendeshi huria katika kiini cha Linux? Taasisi zinazonunua vifaa kwa mamia zikiuliza swali hilo kwa pamoja, muuzaji atalipeleka kwa mtengenezaji. Tayari Chuo Kikuu cha Nairobi kimeonyesha faida ya kushirikiana na mtaa. Katika mradi wa Digital Matatus, uliofanywa pamoja na vyuo vya Marekani, njia za matatu za Nairobi zilirekodiwa kwa simu zenye GPS, na ramani yake ikatolewa mwaka 2014. Wanafunzi wa kompyuta walikuwa na nafasi yao katika kazi za namna hiyo. Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuitafuta yao.

Hitimisho

Kisa cha chipu za Linux ni kisa cha watu waliokataa kungoja ruhusa. Walipofichwa sarufi waliiandika wenyewe, na walipokwisha kuiandika waliwaachia wengine waitumie. Vijana 13 wa Kibera walifanya vivyo hivyo kwa mtaa wao mwaka 2009, wakiwa na kifaa ambacho lugha yake ilikuwa imekwisha kufumbuliwa. Leo maelezo mengi yako wazi, na ukuta uliobaki mbele ya kijana wa Olympic umejengwa kwa ukosefu wa maandishi katika lugha anayoiota usiku. Ukuta huo haukujengwa na kampuni yoyote ya ng'ambo, na hakuna kampuni ya ng'ambo itakayokuja kuubomoa. Kazi hiyo ni ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, nayo yaweza kuanza kwa mwongozo mmoja wa kurasa mbili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.